Kilichokuwa Nyuma ya Leso

Ilianza Jumamosi, saa kumi na robo alasiri, katika likizo ya Aprili. Mvua ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri na ukumbi wa shoo za filamu pale Msambweni ulinuka mabuibui yaliyolowa. Saa naikumbuka kwa sababu mwenye shoo hakuwahi kuwasha televisheni bila kuitazama kwanza saa ya ukutani na kututangazia: "Ni kumi na robo. Atakayechelewa asije akaniuliza huyu ni nani na yule ni nani." Siku hiyo alituwekea filamu ambayo mpaka leo tunaiita Ya Mgeni, maana jina lake lenyewe lilikuwa la kizungu na hakuna aliyelishika. Kabla ya filamu ile nilikuwa mtoto wa kwa shangazi. Baada yake nikawa kitu kingine.

Lakini ninayetaka kumwandika ni yeye mwenye shoo. Niko Kinango sasa, na kila nikikaa nimkasirikie, linanijia jambo lake jingine na hasira inakatika njiani.

Watu wote walimwita hivyo, Mwenye Shoo, hata imamu akimpa salamu. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono mirefu isiyolingana na mwili wake, na rimoti aliitia kifuani ndani ya buibui kama wengine wanavyotia simu. Usiku ukumbi ulikuwa wa wanaume na mpira wao. Jumamosi alasiri, tangu baada ya swala ya alasiri mpaka magharibi inakaribia, ulikuwa wa wanawake. Adhana ikilia alizima sauti na sisi tukazima midomo. Ramadhani aliufunga ukumbi mwezi mzima, akapaka kuta chokaa, akakasirika na kila mtu.

Mimi nilimjua tangu nilipoingia kidato cha kwanza. Baba alinileta kwa dada yake Msambweni kwa kuwa kwetu Kinango lambo likikauka wasichana hushinda wanatafuta maji, na shule inakuwa ya siku mbili kwa wiki. Shangazi alikuwa akikaanga bajia, na Jumamosi nilizipeleka kwenye shoo. Mara ya kwanza nilipoingia nilimwambia Mwenye Shoo, "Mambo." Ukumbi mzima ukanigeukia.

"Mambo?" akasema. "Mambo kawape mbuzi wa Kinango. Huku kwetu mkubwa hupewa shikamoo."

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Weka sinia hapo pembeni, kaa, ule moja kabla hawa fisi hawajazimaliza."

Ndivyo alivyokuwa. Alikuchapa kwa ulimi, kisha akakulisha.

Pembeni ndipo palipokuwa mahali pangu, ukutani kabisa, hatua chache kutoka televisheni, karibu na mlango wa nyuma. Kutoka pale picha niliiona kwa ubavu, watu wote wembamba kama waliokosa chakula. Nilizoea.

Sasa niieleze leso, kwa sababu bila leso hutamwelewa. Alikuwa nayo moja ya rangi ya damu ya mzee, iliyofifia, imeandikwa YA NDANI YAACHE NDANI. Haikuwa ya kuvaa, ilikaa imekunjwa begani mwake. Filamu ikifika mahali ambapo muziki unalegea, au mlango wa chumba cha kulala unafunguliwa, au pazia linavutwa, alisimama, akazima sauti kwa kidole gumba, akaikunjua leso mbele ya kioo cha televisheni na kuishika kwa ncha mbili, mikono juu, kama anayeanika. Mgongo wake kwa picha, uso wake kwetu. Wanawake wakaguna.

"Ai, tena?"

"Mwenye Shoo, ile ni hospitali!"

"Hospitali nayo ina vitanda," alijibu. "Someni leso."

Tukaisoma. Na alijuaje wakati wa kuishusha, ilhali haoni? Alivuta uradi. Astaghfirullah, astaghfirullah, midomo ikimchezacheza, mpaka ametimiza tasbihi moja. Hapo ndipo leso ilipoteremka, na chochote kilichokuwa kimepita kilikuwa kimepita. Mara nyingine tuliacha mtu anaingia chumbani na tukamkuta anazikwa. Bi Mwanajuma, bibi mmoja mkongwe aliyekaa benchi la mbele na tambuu yake shavuni, hakusumbuka. Yeye filamu zote aliziunganisha. "Si huyu aliyekufa wiki iliyopita?" aliuliza kila Jumamosi. "Kumbe hawa watu hufufuka."

Tulicheka, lakini leso ile ndiyo iliyoushika ukumbi. Waume wa Msambweni hawakuwa na neno na shoo ya kina mama, kwa kuwa walijua Mwenye Shoo yupo na leso yake ipo. Hata mume wa shangazi, fundi wa mafriji kwenye hoteli za Diani, mtu asiye na maneno mengi, alimwambia shangazi, "Kule nenda. Kule kuna mtu."

Na yeye mwenyewe hakuwahi kuona filamu nzima. Hilo nililitambua mwaka wa pili. Yale yote tuliyofichwa sisi, yeye alifichwa zaidi, kwani sisi angalau tulimtazama yeye. Yeye alitazama nyuso zetu. Alizijua kama mchuuzi anavyojua nazi kwa kuigonga. Aliweza kukwambia nani kagombana na mumewe kwa jinsi alivyotazama harusi ya watu wa kwenye televisheni.

Kila filamu ikimalizika aliwasha balbu, akaburuta kiti chake mpaka mlangoni, akakikalia. Hapatoki mtu. "Haya," akasema, "hukumu." Kila mmoja alipaswa kusema nani mkosaji na nani mkosewa, na yeye akasema wa mwisho, kisha ndipo akazima swichi ya ukutani. "Filamu haiishi mpaka watu waseme," hilo lilikuwa neno lake. Nilipenda saa hiyo kuliko filamu. Wanawake ambao barabarani walitembea wakitazama miguu yao, pale walisimama wakahukumu mabwana wenye magari na majumba.

Tena alikuwa adui mkubwa wa kusengenya. Ukianza habari za jirani mlangoni pake alikupungia rimoti kama anakuzima. "Waliomo humu kwenye kioo hawana ndugu Msambweni, wale wasengenyeni mtakavyo. Mkitoka nje, mfunge mdomo." Aliamini kweli kwamba maneno hubaki ndani ya ukumbi kama viti vyake. Nadhani hilo ndilo kosa lake, ukiniuliza mimi. Lakini mimi sikuulizwa. Au niliulizwa, na sikujibu. Kila Jumamosi zamu ilipofika kwangu nilitikisa kichwa, na yeye akasema, "Huyu wa Kinango ulimi wake kausahau lamboni," watu wakacheka, zamu ikapita. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo tele. Nikishapata maneno mazuri, huwa watu wameshavaa viatu.

Filamu yenyewe ilikuwa hivi. Msichana wa umri kama wangu, hana wazazi, anapokelewa kwenye nyumba kubwa ya rafiki wa marehemu mama yake. Hasemi. Anatazama tu. Kidogo kidogo nyumba inaanza kuoza kutoka ndani: mke haamini mumewe, mume haamini mkewe, funguo zinapotea, maneno yasiyokuwapo yanafikishwa. Mwisho mke amelazwa hospitali, mume amekimbia, na yule msichana amekaa kwenye kiti kikubwa cha sebuleni na funguo zote mapajani. Haikuwa filamu ya watu wa umri wangu na Mwenye Shoo alilijua hilo. "Wewe tazama bajia zako," alinionya. Leso ilipanda na kushuka siku ile mpaka mikono ikamtetemeka.

Nilizitazama bajia. Karibu mara zote nilizitazama. Ila kulikuwa na mahali pamoja, katikati, msichana anafungua mlango wa chumba cha mke, muziki unalegea, na Mwenye Shoo akanyanyuka. Mimi nilikuwa bado nimeinua uso, na pale ubavuni nilipokaa leso haikunizibia kioo.

Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Msichana alikaa chini sakafuni, akafungua kabati, akatoa viatu vya yule mke, vya visigino. Akatia mguu. Vikampwaya. Akacheka peke yake, kisha akalia, mdomo wazi, bila sauti kwa kuwa sauti ilikuwa imezimwa. Akavifuta kwa pindo la gauni lake na kuvirudisha, cha kushoto kushoto, cha kulia kulia, akatoka. Basi. Tasbihi ilikuwa haijafika nusu.

Leso iliposhuka wanawake walimkuta msichana anapita sebuleni mwa watu, macho mekundu, na mume amesimama kwenye ngazi anajifuta uso kwa kitambaa kwa sababu ya mambo yake mengine ya kazini. Nikasikia ukumbi mzima ukivuta pumzi.

"Haya sasa!"

"Mumeona? Mumeona?"

Wameona nini? Walikuwa wamesoma leso.

Sitamtakasa yule msichana. Hila zake nyingine niliziona kama walivyoziona wao, na za mwisho zilikuwa mbaya. Lakini kile walichomhukumia kwa sauti kubwa kuliko vyote ndicho ambacho hakukifanya.

"Aki huyo dem ni noma," alisema msusi, mwanamke wa bara mwenye saluni karibu na stendi. "Unamfungulia mlango, yeye anafungua chumba cha kulala. Mgeni njoo, mwenyeji akome!"

"Mimi namlaumu mke," akasema shangazi. Nakumbuka alisema kwa ucheshi, mguu juu ya mguu. "Mtoto wa kike wa mwenzio, unamwachiaje nyumba?"

"Mume je?"

"Mume ni mume. Ng'ombe utamlaumu kwa kula majani?"

Bi Mwanajuma akatema tambuu kwenye kopo lake. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," akasema. Ndiyo siku pekee niliyomsikia akiikumbuka filamu moja bila kuichanganya na nyingine.

Mwenye Shoo akafunga hukumu. "Msichana asiyesema," alisema taratibu, "ni nyumba isiyo na taa. Usitie mkono usipopajua." Kisha akatazama kote kuona nani amebaki. "Wa Kinango?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Viatu vilikuwa pale ulimini. Halafu nikatikisa kichwa.

"Hee, na huyu naye hasemi!" msusi akapiga makofi. "Mama, chunga mzee wako!"

Wakacheka wote. Shangazi naye alicheka, ila aliacha kucheka kabla ya wenziwe.

Mwenye Shoo alimpungia msusi rimoti, lakini alikuwa amechelewa, na yeye pia alikuwa na tabasamu.

Nyumbani hakuna aliyeniambia neno. Kesho yake shangazi alimpelekea mumewe chai mwenyewe, kazi ambayo ilikuwa yangu kwa miaka. Wiki iliyofuata funguo za stoo zilihama kutoka msumarini hadi kiunoni mwake. Mume wa shangazi alikuwa ameniahidi kuninunulia kamusi akienda Ukunda. Aliinunua, na shangazi akaipokea, akaiweka juu ya kabati, na haikuteremka. Mferejini, tulikochota maji, wasichana wenzangu walianza kuniita Mgeni. Mwanzoni kwa mzaha. Kila nilivyozidi kunyamaza ndivyo nilivyozidi kufanana na yule wa kwenye kioo, na kila nilivyojaribu kusema, shangazi alinitazama mdomo kana kwamba maneno yana kitu nyuma yake.

Katika miezi hiyo Mwenye Shoo hakunibadilikia. Nataka hilo lijulikane. Nilipokuwa wa kwanza katika insha alisimamisha filamu katikati, jambo ambalo hata mgonjwa hakufanyiwa, akawaambia wanawake wanipigie makofi. Nilipopata homa alinilaza kwenye benchi la nyuma akanifunika kwa leso nyingine, ile alikataa, "Hii ina kazi yake." Machozi yalimtoka kwa tangazo la sabuni. Mtoto akichungulia dirishani alimrushia kandambili na hakuwahi kumkosa. Alisema hoteli za Diani zimewaharibu watu macho, na televisheni yenyewe aliinunua kwenye mnada wa hoteli. Nikimjumlisha simpati jibu.

Mwezi wa nane, shule zilipofungwa, shangazi alinena. Alikuwa anachambua dengu, hakuinua uso. "Baba yako nimeshampigia. Utamalizia kwenu. Siku hizi Kinango maji yapo."

Maji hayapo. Yeye anajua, ndiko alikozaliwa.

Gari lilikuwa la Jumatatu asubuhi. Jumapili alasiri nilikwenda kuchukua sinia letu lililokuwa limebaki kwenye shoo. Ukumbi ulikuwa mtupu. Siku hizo hata Jumamosi walikuja wachache, kila mmoja ana simu yake na bando lake, na simu haina leso. Mwenye Shoo alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, mahali pa Bi Mwanajuma. Sikuwahi kumwona akikaa upande ule.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia unatuhama."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nilitazama sinia. "Kwa sababu ya hukumu," nikasema.

Nikajua ameelewa, kwani hakuuliza hukumu ipi. "Wewe hukutoa yako," akasema. "Sote tulisema. Filamu haiishi."

Basi nikamwambia. Sijui sauti ilitoka wapi. Ukumbi ulikuwa mtupu, labda ndiyo sababu. Nilimwambia ya kabati, ya viatu, ya pindo la gauni. Alinisikiliza akinitazama uso kama alivyotazama nyuso zote. Kisha akanyanyuka, akatafuta flashi ndani ya kopo la vifungo, akaichomeka.

"Nionyeshe."

Tukaipeleka mbele mpaka pale mlango unapofunguliwa. Muziki ukalegea. Mkono wake ukaenda begani wenyewe, ukashika leso, ukabaki pale. Hakusimama. Aliangalia msichana akikaa sakafuni, akaangalia viatu vikimpwaya. Kwa mara ya kwanza nikasikia kilio cha msichana, maana sauti ilikuwa wazi. Kilikuwa kidogo, kama cha paka aliyefungiwa.

"Ndiyo haya tu?" akasema.

"Ndiyo haya."

Alirudisha, akatazama tena. Kisha akazima. Nikamwambia lile nililokuwa nimekuja nalo bila kujijua: "Twende ukamwambie shangazi. Wewe atakusikia. Wewe ukisema, nitabaki nimalize shule."

Akajitanda vizuri, akachukua sinia kutoka mikononi mwangu, tukatoka. Alitembea mbele. Njiani alisema mara moja tu, bila kugeuka: "Nikisema leso ilikosea hapa, wataniuliza imekosea wapi kwingine. Nani atamruhusu mkewe tena?" Nilidhani anajiuliza ili ajijibu.

Shangazi alikuwa barazani. Wakasalimiana kwa kirefu, hujambo sijambo, za watoto, za kazi. Shangazi akaleta kiti. Mwenye Shoo akakaa, akasema mvua za mwaka huu hazieleweki. Akasema dagaa wa Shimoni siku hizi ni mchanga mtupu. Mimi nilisimama mlangoni, nikingoja, na alipokuwa akizungumza alinitazama mara mbili, na nilimwona uso kama yeye alivyotuona sisi miaka yote. Nikajua kabla hajanyanyuka.

"Nimemleta binti na sinia," akasema. "Nimeona giza linaingia."

"Ahsante, dada. Mungu akulipe."

Aliponipita alinishika bega. Mkono ulikuwa wa moto. Leso ilikuwa begani mwake, imekunjwa.

Asubuhi niliamka kabla ya wote, nikafagia uwanja, nikachemsha chai. Nilimimina kikombe kimoja nikampelekea shangazi mwenyewe. Nikakaa mbele yake chini, na nikasema, "Shangazi, mimi sikuwahi kutoa hukumu yangu." Nikaitoa yote, ya kabati, ya viatu, ya leso iliyoinuka bure. Sikutikisa kichwa hata mara moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, chai ikapoa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mwenye leso alikuwa hapa jana, kakaa kwenye kiti hicho," akasema. Hakusema kwa ukali. "Mbona yeye hakusema?"

Jibu lilikuwepo, lakini lingemvua yule mama nguo.

"Vaa viatu, mwanangu. Gari la Kinango halingoji."

Viatu vyangu vilikuwa mlangoni kandokando ya vya shangazi. Vyake vilikuwa vimerushiwa tope la mvua ya usiku, kimoja kimelala ubavu. Pindo la gauni lilikuwa mkononi mwangu tayari. Nikaliachia. Nikavaa vyangu, nikabeba begi, vyake sikuvigusa.